Pikipiki Kuukuu Yafufuliwa Nyumbani: Breki Kwanza, Rangi Baadaye

Mgeni afikaye Kimironko, katika Wilaya ya Gasabo jijini Kigali, aghalabu hupokewa na pikipiki kabla hajapokewa na mwenyeji wake. Kuanzia kituo cha mabasi hadi lango la soko, madereva hungojea wateja, kila mmoja akiwa na kofia ngumu mbili: moja yake, moja ya abiria. Lakini pikipiki hizo zinabadilika. Mwaka 2019 kampuni ya Ampersand ilianza kuingiza pikipiki za umeme katika kazi ya kubeba abiria jijini, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya petroli haisajiliwi tena Kigali kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ile ya petroli iliyonunuliwa na baba au babu miaka ya sabini au themanini, ambayo imelala nyuma ya nyumba chini ya turubai, inaanza kuwa kumbukumbu. Si ajabu basi mwenye nyumba akiitazama upya na kujiuliza: je, haiwezi kuamshwa, ikapewa umbo nilipendalo, nikaiendesha siku ya mapumziko?

Yaweza. Kazi hiyo hufanyika katika banda la nyumbani, kwa spana, subira na daftari. Hata hivyo, wengi huianza mwisho kwenda mwanzo: hununua rangi, kioo na kiti cha fahari, kisha huwasha injini na kutoka barabarani. Ndugu msomaji, Kigali ni jiji la vilima, na apandaye hana budi kuteremka. Pikipiki isiyowaka humkera mwenyewe tu. Pikipiki isiyosimama huwaliza wengi.

CHAGUA MASHINE INAYOTENGENEZEKA

Zipo pikipiki zilizoundwa kwa ajili ya mtu mwenye vyombo vichache. Katika Vita Kuu ya Pili zilitengenezwa BSA M20 zaidi ya 120,000 kwa ajili ya majeshi ya Uingereza na washirika wake. Ilikuwa na silinda moja tu, na sifa yake haikuwa mbio, bali uvumilivu na wepesi wa kutengenezwa mbali na karakana.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Waliouunda walikuwa wametambua kwamba katika nchi nyingi zinazoendelea pikipiki hubebeshwa mizigo mizito, na oili haibadilishwi kwa wakati, hata vifaa vya juu ya injini vikasagika upesi. Kwa hiyo wakaacha mnyororo unaoendesha vali, wakaweka vijiti vya kuzisukuma. Na mnyororo wa gurudumu wakaufunika usiingiwe na vumbi. Injini hiyo imeigwa na viwanda vingi vya China, na ndiyo sababu vipuri vyake si adimu. Anayeanza ufundi huu yafaa achague mashine ya namna hiyo.

FREMU, MAGURUDUMU NA BREKI

Kabla ya kufungua nati yoyote, piga picha kwa simu kila upande. Kila kifaa unachokitoa kitie katika kopo lake, na kopo uliandike jina. Kisha osha fremu na uikague penye mwangaza, hasa karibu na usukani na pale inaposhikana na mkono wa gurudumu la nyuma, maana nyufa hupenda kujificha hapo. Wapo wapendao kukata mkia wa fremu ili kiti kiwe kifupi. Ukiamua hivyo, kazi ya kuchomelea mpe fundi mzoefu, na ukubali kwamba pikipiki hiyo haitabeba tena mtu wa pili.

Ngoma za magurudumu zifunguliwe kwa uangalifu. Brekishu za zamani, vile vipande viwili vinavyobana ngoma kwa ndani, mara nyingi zilitiwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kitambaa hicho ukifunge katika mfuko na kukitupa. Weka brekishu mpya na waya mpya wa breki. Zungusha gurudumu uone kama linayumba, na ugonge spoki moja moja: iliyolegea hutoa sauti hafifu kuliko wenzake.

Tairi lenye meno mazuri laweza kuwa limezeeka. Tafuta ubavuni mwake tarakimu nne za tarehe: 2319, kwa mfano, maana yake lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Zikiwa tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, nalo halifai barabara.

INJINI NA HEWA YA MILIMANI

Kigali iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya sehemu moja katika sita. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya Mombasa au Dar es Salaam, ikiletwa huku, hutoa petroli nyingi kupita hewa inayoingia. Injini hukohoa, nguvu hupungua, na plagi hutoka nyeusi yenye masizi. Dawa yake ni kuweka jeti ndogo zaidi, hatua kwa hatua, mpaka plagi iwe na rangi ya hudhurungi. Usipunguze kupita kiasi, kwani injini yenye njaa ya petroli hupata joto kali hata pistoni ikaharibika.

Upande wa taa, kumbuka kwamba pikipiki nyingi ndogo za miaka hiyo zilitumia umeme wa volti 6. Ukitia balbu ya volti 12, mwanga wake utakuwa kama wa mshumaa, na hutaonekana usiku.

BANDA NI SEHEMU YA NYUMBA

Ufundi huu unafanyika watu wanamolala na kupika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kulifuata jiko la mkaa. Basi tangi limwagwe na kuoshwa nje, mbali na moto wowote. Petroli isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji, kwani mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Injini isiwashwe banda likiwa limefungwa: moshi wake una gesi isiyoonekana wala kunukia, nayo huua. Na bomba la moshi libaki na kizuia sauti, kwa heshima ya jirani.

Gharama ziandikwe katika daftari linaloonwa na mume na mke. Wekeni kiasi cha kila mwezi, na kikiisha kazi ingoje mwezi ujao. Karo ya watoto isiguswe kwa ajili ya kabureta. Wakati nao ugawiwe vivyo hivyo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi ni ya umuganda, na banda litangoja.

Hati nazo ni kifaa cha lazima. Nambari za fremu na injini zilingane na kadi ya usajili, na zisisuguliwe wala kupakwa rangi nzito. Injini inayouzwa kwa bei ya kutupa, bila karatasi, yaweza kuwa machozi ya mtu mwingine. Na kabla ya kubadilisha injini au umbo, uliza kwanza polisi na ofisi ya usajili.

SASA RANGI

Hayo yakishatimia, furaha iruhusiwe. Chagua rangi ya tangi, ng'arisha usukani, na kiti kipeleke kwa mafundi cherehani wa soko la Kimironko, ambao mikono yao imezoea kazi ngumu kuliko hiyo. Wape watoto wakubwa kazi ya kusafisha nati na kuandika makopo. Kijana aliyejifunza kufungua na kufunga injini kwa utaratibu amepata elimu itakayomfaa hata kwenye mashine za umeme.

Siku ya kwanza jaribu breki mahali tambarare, ukienda mwendo wa mtu atembeaye. Rudia mara kumi. Kisha tafuta mteremko mfupi usio na watu, ushuke polepole na usimame katikati. Ukisimama palepale ulipokusudia, basi pikipiki imekamilika, hata kama rangi bado.