Kwenu Nachingwea au Ruangwa? Soma hapa kabla hujapanda basi

Tangu nisimulie kwamba nilikwenda kutafuta kaburi la bibi yangu, mzaa mama, sikosi kuulizwa swali moja: "Mzee wangu alikuwa anasema kwetu ni Nachingwea, mimi nimezaliwa Dar, naanzia wapi?" Wengine wanasema Ruangwa. Wengine wako mbali kabisa, Muscat, Uingereza, na wakija likizo wana wiki mbili tu. Basi leo nimekaa chini niandike yote kwa pamoja, maana kumjibu mmoja mmoja siwezi.

La kwanza: hapo ulipoambiwa ni kwenu inawezekana kabisa hapapo tena. Nina maana hiyo hiyo. Mimi nilikwenda na neno moja tu ambalo mama aliniachia: Mnero. Nikashuka Nachingwea mjini, nikamwambia kijana wa bodaboda nipeleke Mnero. Akaniuliza, "Mnero ipi, kaka?" Kumbe kuna Mnero Miembeni, kuna Mnero Ngongo, na kuna Kipara Mnero. Nilisimama pale na begi langu kama mgeni, na ndiyo kwanza nilikuwa "nimerudi kwetu".

Upande wa Ruangwa mambo ni hayo hayo. Kuna kata inaitwa Nachingwea ndani ya wilaya ya Ruangwa! Kuna Mandawa ya Ruangwa na Mandawa ya Kilwa. Halafu Ruangwa yenyewe imekuwa wilaya mwaka 1995 tu, na mkoa wa Lindi ulizaliwa mwaka 1971. Kwa hiyo cheti cha babu cha zamani kinaweza kusema Jimbo la Kusini au mkoa wa Mtwara, na kijiji ni kile kile. Usibishane na karatasi. Uliza kwanza iliandikwa mwaka gani.

Sababu ya pili ni karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza ule mradi mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakaleta matingatinga, wakajenga bandari ya Mtwara na reli mpaka Nachingwea. Januari 1951 serikali yao ikatangaza kuufuta, baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960, lakini hadi leo Nachingwea ina kata inaitwa Stesheni. Sasa mradi ule uliita vibarua kutoka wilaya za jirani na hata ng'ambo ya Ruvuma. Babu anayesema "mimi wa Nachingwea" anaweza kuwa alifika pale kijana wa miaka ishirini akitafuta mshahara, na kwao hasa ni Newala, Tunduru au Msumbiji. Baadaye tena, FRELIMO walikuwa na kambi yao kuu ya mafunzo Nachingwea, pale Farm 17, mpaka Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975. Kwa hiyo muulize mzee wako swali la ziada: alizaliwa pale, au alifika pale?

Sababu ya tatu, na ndiyo kubwa, ni vijiji vya ujamaa. Kusini watu walianza kukusanywa mapema, halafu Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi kijijini ni lazima, kazi iishe ifikapo 1976. Watu wakaacha nyumba, mashamba na makaburi, wakapangwa kando ya barabara. Kule walikotoka pakaitwa mahame. Kijiji unachokiona leo chenye shule na zahanati ni kule walikohamishiwa. Bibi yako amelala kwenye mahame, labda saa mbili kwa miguu kutoka hapo, na alama ni miembe mikubwa iliyosimama porini bila nyumba. Alama nyingine ni mti wa msolo, ambao wazee wa kusini walikuwa wakitambikia chini yake kwa unga.

Sasa utapajuaje? Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanakwenda na jina la baba. Sisi Watanzania jina la mwisho mara nyingi ni jina la baba au babu tu, siyo la ukoo. Na Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, ambao ndio wengi huko, kwa asili wanahesabu ukoo kwa mama. Mwenye neno katika ukoo ni mjomba. Ukimwambia mzee wa Mnacho au Ruponda "mimi ni mtoto wa Salumu", atakuambia akina Salumu wako mia. Mwambie mama yako ni nani, mama yake ni nani, ndugu wa kiume wa bibi yako ni nani. Hapo utaona uso wa mzee unabadilika.

Vitabu vipo, ila kidogo. Kama wazee wako walikuwa Wakatoliki, daftari za ubatizo za misheni zinasaidia: Ndanda (Wabenediktini wako pale tangu 1906), Nyangao, Lukuledi. Waanglikana jaribuni Masasi, misheni ya tangu 1876. Lakini Nyangao na Lukuledi zilichomwa mwaka 1905 wakati wa Majimaji, hivyo usitegemee makubwa kwa miaka ya kabla ya hapo. Na sisi wengine wazee wetu ni Waislamu, hakuna daftari. Kitabu chetu ni shehe wa kijiji na bibi kizee anayekumbuka hitima ilisomwa kwa nani.

Msidhani ni sisi tu. Wamarekani wenye asili ya Ireland huenda kwa maelfu kutafuta vijiji vya mababu, katika kanchi kadogo tu, na wanakuta hifadhi ya nyaraka ya Dublin iliungua mwaka 1922 kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Nao wanaishia kwenye daftari za parokia na wazee wa kijijini.

Njia sasa. Kutoka Dar unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003. Kabla ya hapo tulikuwa tunalala kwenye kivuko cha Ndundu. Unapita Lindi, Mingoyo unakunja kulia njia ya Masasi. Ukifika Nanganga, kulia ni Ruangwa. Wa Nachingwea endelea hadi Ndanda na Masasi, ndipo ukunje kulia. Ruangwa na Nachingwea pia zina barabara yao ya kuunganisha. Masika usicheze nayo: Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara pale Somanga, watu wakakwama siku kadhaa. Oktoba hadi Desemba ni korosho, kila mtu yuko shambani au anasubiri mnada wa Runali. Mimi nasema nenda Julai au Agosti. Kumekauka, mahame yanafikika.

Ukifika, anza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Usijipeleke porini na simu ya kupiga picha. Ruangwa kuna madini, kinywe na dhahabu, na mgeni anayezunguka mashamba anatia watu wasiwasi. Beba sukari, sabuni, kanga kwa wazee wa kike. Shikamoo kwanza, shida baadaye.

Na hili la ardhi lieleweke. Usiende kudai shamba la babu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatambua ugawaji uliofanyika wakati wa kuhamia vijijini, kati ya 1970 na 1977, na haki za waliokuwapo kabla zilikoma. Aliyepewa pale kapewa. Ukitaka shamba, omba kwa serikali ya kijiji kama mwingine yeyote.

Mimi niliipata Mnero yangu kwa sababu ya mjomba wa mama, mzee wa miaka themanini na kitu. Alitembea mbele yetu na fimbo mpaka kwenye miembe mitatu katikati ya mikorosho ya mtu. Mwenye shamba akatoka, uso umekunjamana: "Mmekuja kudai?" Mjomba akamwambia, "Hapana mwanangu, tumekuja kusalimia." Yule bwana akaweka panga chini, akatusaidia kufyeka. Kaburi halikuwa na jina, mawe tu. Mjomba akaonyesha: huyu bibi yako, yule dada yake, na yule mdogo ni mtoto aliyefia kuzaliwa. Huyo mtoto mama hakuwahi kumtaja maisha yake yote.

Tuliomba dua, nikaandika yote kwenye daftari. Miezi minne baadaye nikapigiwa simu kwamba mjomba amefariki. Watu waliokuwa wakijua mawe yale ni ya nani sasa ni mimi na mwenye mikorosho.

Kwa hiyo wewe unayeniuliza uanzie wapi: anzia kwa mzee uliye naye, leo jioni, na kalamu mkononi. Basi litakuwepo tu. Wadau wa Mbekenyera, Lionja, Kilimarondo na kwingineko, ongezeeni nilipopunguza.