Diski ya Kompyuta Yako Hulala Mara Ngapi kwa Siku?

Kompyuta nyingi zilizo katika saiba, vyama vya akiba na madarasa ya vyuo vya ufundi hununuliwa zikiwa tayari zimetumika ng'ambo. Ili kuepuka gharama ya leseni, baadhi ya wenye mashine hizo huweka Linux, mfumo wa bure wa familia ya Unix ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991. Mashine huwaka na kazi huendelea. Jambo ambalo wachache hulikagua ni jinsi diski inavyoamriwa kupumzika, na hapo ndipo vitabu vya chama vya miaka mitano vinaweza kupotelea.

Diski ya kawaida ina visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vidogo vya kusoma vinavyoelea juu yake bila kuvigusa. Huokoa stima kwa njia mbili: kuegesha vichwa kando huku visahani vikizunguka, au kusimamisha visahani kabisa. Diski ya kompyuta ya mezani ikizunguka bila kazi hula takriban wati 6, na ikisimama hula karibu wati 1. Ikilala saa 16 kila siku, mwenyewe huokoa uniti 29 hivi za stima kwa mwaka. Si haba, lakini si nyingi vile.

Gharama iko upande wa pili. Watengenezaji wengi hukadiria kwamba vichwa vinaweza kuegeshwa mara 300,000, au 600,000 kwa diski nyingine. Idadi hiyo yaonekana kubwa hadi mtu apige hesabu. Linux huandika kumbukumbu zake ndogo ndogo mara kwa mara hata kama hakuna anayegusa kibodi. Diski ikiegesha vichwa, mfumo unaviita tena. Hilo likitokea mara mbili kwa dakika, ni mara 2,880 kwa siku, na 300,000 inafikiwa kwa siku 105 tu. Mwaka wa 2007 watumiaji wa Ubuntu wenye kompyuta za mkononi walilalamikia jambo hilihili. Baadaye diski za Western Digital za aina ya Green, zilizoegesha vichwa baada ya sekunde 8 bila kazi, zilizua malalamiko kama hayo.

Kukagua ni rahisi. Amri lsblk -d -o NAME,ROTA huonyesha diski zilizomo. Yenye 1 huzunguka, yenye 0 ni ya kisasa isiyo na visahani na mengi ya makala haya haiihusu. Kisha sudo smartctl -A /dev/sda hutoa orodha ya hali ya diski. Tazama mstari wa 193, Load_Cycle_Count. Andika nambari hiyo, rudi baada ya saa moja, ulinganishe. Ikiwa imepanda kwa mamia, kuna tatizo.

Dawa ni programu iitwayo hdparm. Amri sudo hdparm -B 254 /dev/sda huiambia diski iache ubahili wa stima. Thamani za 1 hadi 127 huruhusu visahani kusimama; 128 hadi 254 haziruhusu. Muda wa kulala hupangwa kwa -S, na hesabu yake ni ya ajabu kidogo: 120 ni dakika 10, 242 ni saa moja, na 0 ni kutolala kabisa. Diski ya kamera za ulinzi isilale. Ile ya kuwekea nakala, inayoguswa mara moja jioni, inafaa kulala baada ya saa moja. Mpangilio huu hupotea mashine ikizimwa, kwa hivyo kwenye Debian na Ubuntu uandikwe pia katika faili ya /etc/hdparm.conf. Diski za nje za USB nazo huenda zisitii amri hizi, kwa kuwa baadhi ya viunganishi vyake havizipitishi.

Kuna adui mwingine ambaye wakazi wanamjua vyema: stima kupotea ghafla. Wakati huo vichwa hurudishwa kwa nguvu, na diski huchakaa zaidi kuliko ikiegesha kwa utaratibu. Mstari wa 192 huhesabu matukio hayo. Betri ndogo ya akiba inayoipa kompyuta dakika chache za kuzimwa vizuri husaidia kuliko mpangilio wowote wa hdparm.

Mwenye mashine ambaye mstari wake wa 193 umeshapita 300,000, au anayesikia diski ikigonga-gonga, asianze na mipangilio. Anakili kwanza daftari za chama, alama za wanafunzi na picha kwenye diski nyingine, kisha aifungue nakala hiyo katika kompyuta tofauti kuhakikisha inasomeka.