Mjomba, mpwa na mlima wa Boito

Nilipofunga safari ya kwenda bara, dada yangu wa Mombasa alinikabidhi amana mbili: fedha alizoziweka kidogo kidogo kwa muda mrefu, na wasia. Fedha zilikuwa za kumnunulia mwanawe pikipiki yake ya kwanza. Wasia ulikuwa mfupi. "Kaka, mnunulie ile ndogo. Kubwa itaniulia mtoto."

Mtoto mwenyewe ana miaka 26, ni mwalimu, na kazi imempeleka Boito, huko Konoin katika kaunti ya Bomet. Ndugu msomaji uliyezoea barabara ya Nyali au ya Likoni, sijui nikueleze vipi nchi ile. Ni kilima juu ya kilima, na chai imetandazwa juu yake kama zulia. Mvua hupenda kunyesha alasiri, na njia za ndani ni za udongo mwekundu ambao ukilowa huteleza kama sabuni. Lori za kubeba majani mabichi ya chai hupita humo humo, zikichimba mitaro kwa magurudumu yao.

Baada ya shikamoo na marahaba, na kikombe cha chai ya maziwa ambacho mgeni hakikosi huko, nikamtolea mpwa wangu wasia wa mama yake. Akacheka. "Mjomba, mama anaijua Mombasa. Hapa ni mlima."

Sasa, ndogo na kubwa tunazozisema ni ya cc 100 na ya cc 150. Mzungu angetushangaa kubishania hizo, kwani huko kwao zote mbili huhesabiwa ndogo, ingawa hata Uingereza kijana wa miaka 17 haruhusiwi kupita cc 125. Lakini kwetu Kenya hizo ndizo zilizojaa barabarani tangu serikali ilipolegeza kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008. Ile ya 100 hutoa nguvu kama za farasi 8, ya 150 kama za farasi 12. Ndogo hunywa mafuta kidogo na ni nyepesi. Kubwa huvuta.

Tukamwendea fundi wa kando ya barabara, mzee wa Kikipsigisi mwenye mikono iliyokolea oili. Huyu alinifundisha jambo ambalo sikulijua katika umri wangu wote. Injini, alisema, hupumua kama mtu. Huku juu hewa ni nyepesi, na kila ukipanda mita 1,000 injini ya kawaida hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Nchi ya chai ya Kericho na Bomet iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Kwa hiyo pikipiki ya cc 100 inayoruka pale Mombasa, ikifika Boito ni kama ya 80. Hilo dada yangu hakulijua, na wala si kosa lake.

Fundi akatuazima zote mbili tuzijaribu. Tulianza na ndogo, mpwa mbele, mimi nyuma. Teremko tulikwenda vizuri. Mlima ulipoanza akashuka gia ya tatu, ya pili, ya kwanza. Injini ikalia kilio cha kuhurumiwa, na nyuma yetu lori la chai likapiga honi. Katikati ya mlima nikateremka nikaenda kwa miguu, huku wachumaji chai wakinitazama na vikapu vyao mgongoni. Sijapata kuaibika hivyo tangu utoto.

Kubwa ilitupandisha mlima ule ule bila manung'uniko. Nikasema moyoni, wasia wa dada nitautengua, naye atanisamehe. Lakini tulipoingia njia ya ndani kati ya michai, gurudumu la mbele likateleza na pikipiki ikalala ubavu. Hatukuumia. Mpwa wangu ni mwembamba kama ufito, na kuiinua peke yake katika tope lile kulimshinda mpaka nikamsaidia. Nikajiuliza: siku nisipokuwapo?

Bado nilishikilia kubwa. Fedha zilipungua, na muuzaji akawa tayari kutukopesha salio kwa malipo ya kila mwezi yenye nyongeza. Mpwa akanitazama, nami nikamtazama. Riba hiyo, mazungumzo ya mkopo yakaishia hapo. Nikasema nitatoa mfukoni mwangu.

Ndipo kijana akanishangaza. "Mjomba, usiudhike. Ule mlima haukuishinda pikipiki. Uliyeishinda ni wewe."

Wallahi nilinyamaza. Uzito wangu siutangazi gazetini, lakini haki alikuwa nayo. Yeye huenda shuleni peke yake, na mkoba wa madaftari. Kwenda mji wa Kericho kuswali Ijumaa ya likizo, katika barabara kuu ya malori, atapanda matatu kama kawaida. Nikamwuliza mbona kwanza aliitaka kubwa. Akaona haya kidogo, akasema walimu wenzake wanazo.

Tukanunua ndogo. Fedha iliyobaki ikatosha helmeti nzuri, buti za mpira, koti la mvua na masomo ya udereva, ambayo, nikisema kweli, vijana wengi huyaruka wakajifunzia barabarani.

Majuzi alinipigia simu. Nilimwuliza mlima wasemaje. Akasema mlima anaupanda kwa gia ya pili, polepole, na lori humpita. Kisha akanieleza jambo ambalo fundi hakulitaja. Mwenzake mwenye 150 kila jioni husimamishwa: huyu abebwe, yule na gunia lake apakiwe, mara wanakuwa watatu juu ya kiti kimoja, na sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu. Anaona haya kukataa, maana kila mtu anajua mashine yake inaweza. Mpwa wangu akisimamishwa husema, "Samahani, hii ni ndogo, mlima haitauweza," nao humwachia njia.

Nilimpelekea dada habari hizo. Akauliza kama helmeti huivaa kila siku, au ile siku ya kunipigia simu tu.