Nguzo Mama na Kinu cha Namungo: Mwanamke Anakataa Nini?

Darasani tumezoea kusema kwamba tamthilia ya Penina Muhando, Nguzo Mama (1982), inahusu ukombozi wa mwanamke. Ni kweli, lakini jibu hilo ni jepesi mno. Katika makala hii fupi nitajaribu kueleza mwanamke huyu anakataa nini hasa.

Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo, nayo haisimami. Kwa nini? Si kwamba hawana nguvu. Kila mmoja anavutwa na matatizo ya nyumbani kwake, basi mikono inapungua nguzoni.

Mimi natoka Namungo, Ruangwa. Kwetu Wamwera, kwa desturi, ukoo hufuata upande wa mama. Mgeni akisikia hivyo atadhani kina mama wa huko wamestarehe. Wapi! Ukoo ni wa mama, na kinu ni cha mama, na kuni na maji pia ni vya mama. Msimu wa korosho mama anaokota na kuanika. Pesa ikiingia, mara nyingi anayeipangia ni baba, au mjomba.

Nikiwasikiliza mama zetu, sijamsikia anayesema hataki kupika. Manung'uniko yao ni kwamba kazi hiyo haihesabiwi. Muulize mtu mkewe anafanya kazi gani, atakujibu, "Hana kazi, yuko nyumbani tu." Hilo "tu" ndilo linalouma.

Mahakama nazo zimeligusa jambo hili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja igawanywe ndoa inapovunjika. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, lakini kanuni ilibaki. Tamthilia ilikuwa imelitangulia shauri hilo kwa mwaka mmoja.

Kwa maoni yangu, basi, nguzo ya Muhando haimwonyeshi mwanamke anayelikimbia jiko. Inaionyesha jamii inayomtaka mama abebe nyumba na nguzo kwa mikono miwili ileile. Wenzangu mnaosema eti tamthilia hii inakatisha tamaa kwa kuwa nguzo haikusimama, hebu isomeni tena, halafu mjiulize: wanaume wa Patata walikuwa wapi?