Kioo cha Taa Si Kioo: Kwa Nini Taa za Magari Yetu Zinageuka Njano

Simama jioni pembeni mwa barabara yoyote ya Sokon I, halafu yaangalie magari yanayopita: Noah, IST, Hiace, vifodi vinavyowahi abiria wa mwisho. Utaona mengi taa zake za mbele zina ukungu wa njano, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Dereva atakwambia balbu imechoka. Mara nyingi balbu haina shida kabisa. Kilichochoka ni kile tunachokiita kioo cha taa.

Jumamosi huwa nashinda kwenye gereji moja ya rangi mtaani kwetu, napiga taa msasa ili nipate hela ya kula boom likichelewa. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mbona nilisafishiwa taa juzi tu na imerudi njano?" Wiki chache zilizopita mama mmoja mwenye Noah aliniuliza hivyo hivyo. Nilimwamkia, nikamwonyesha, akaelewa kwa dakika tano. Naandika hapa kwa sababu wengi wetu tunapanda magari haya usiku kurudi geto, wengine nyumbani kuna gari, na wapo wenzetu wanaotaka kuifanya kazi hii iwe kijiwe cha kujikimu. Ukiielewa vizuri hutatapeliwa, na wewe hutamtapeli mtu.

Tuanze na jina, maana jina ndilo linalotupoteza. Kioo cha taa si kioo, ni plastiki. Zamani taa za magari zilikuwa za kioo kweli, na bado utaziona kwenye Land Cruiser za kizamani zenye taa za mviringo: gari limechakaa, mlango umeoza, lakini taa inang'aa. Mwaka 1983 Marekani iliruhusu taa zenye uso wa plastiki, na watengenezaji wa nchi nyingine nao wakaelekea huko huko. Plastiki inayotumika inaitwa polikaboneti. Iligunduliwa mwaka 1953 na wanakemia wawili waliokuwa hawafanyi kazi pamoja: Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani. Ni nyepesi, inafinyangwa umbo lolote, na ikipigwa na jiwe haivunjiki hovyo kama kioo.

Ila ina udhaifu mmoja mkubwa: haivumilii jua. Kwenye mwanga wa jua kuna miale ya urujuanimno. Haionekani kwa macho, lakini ndiyo inayounguza ngozi ya mtu. Miale hii ikiingia kwenye polikaboneti inakata minyororo ya molekuli zake. Hewa na unyevu vinaingia kwenye mchezo, na kinachobaki ni vitu vyenye rangi ya njano pamoja na nyufa ndogo ndogo sana juu ya uso. Watengenezaji walijua hili tangu mwanzo, ndiyo maana kila taa inatoka kiwandani ikiwa imepakwa tabaka gumu, jembamba, lisiloonekana, ambalo linaimeza miale hiyo kabla haijaifikia plastiki. Tabaka hilo mimi naliita ngozi ya taa. Ngozi ikiwepo, taa ni nyeupe. Ngozi ikiisha, plastiki iko uchi.

Sasa fikiria maisha ya gari la Arusha. Limetumika Japani miaka mingi, likapanda meli, likashuka Dar es Salaam, likaja kwetu ngozi yake ikiwa tayari imekula miaka. Hapa tuko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta, jua la mchana linakuwa karibu na utosi mwaka mzima. Tena tuko juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 miale ile inaongezeka kwa takribani asilimia 10. Baridi ya Juni isikudanganye, wala wingu la Meru: miale mingi inapenya wingu. Ongeza vumbi letu la udongo wa volkano, ambalo kila likifutwa kwa kitambaa kikavu linakwaruza kama msasa.

Je, hili ni suala la urembo tu? Hapana. Uso wenye nyufa hautupi mwanga mbele, unausambaza kila upande. Hasara inakuwa mara mbili: barabara inapata mwanga kidogo, na anayekuja mbele yako anamulikwa machoni. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizofifia, kikakuta zinatoa karibu asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Waliposafisha, mwanga ulirudi hadi karibu asilimia 70. Ichukue hesabu hiyo uipeleke kwenye barabara isiyo na taa za mtaani, mtu anavuka na nguo nyeusi, bodaboda iko pembeni haina taa ya nyuma. Dereva anamwona akiwa amekaribia sana. Na wale wanaodhani dawa ni kufunga balbu za LED kali ndani ya taa iliyofifia, wanaongeza tu mwanga wa kusambaa. Wanaoumia ni wanaokuja mbele.

Turudi kwa mama wa Noah. Taa zake zilikuwa zimesuguliwa kwa dawa ya meno, zikang'aa, zikakaa wiki chache, zikarudi njano mbaya kuliko mwanzo. Dawa ya meno haina uchawi: ina chembe laini za kusugulia, kwa hiyo inaondoa tabaka lililoharibika juu. Lakini inaondoa pia mabaki ya ngozi ya kiwandani, na hairudishi kitu. Plastiki iliyobaki uchi inapigwa na jua kuanzia asubuhi inayofuata.

Wengine wanapaka mafuta. Hapa kuna jaribio zuri unaloweza kulifanya mwenyewe: mwagia maji taa yenye ukungu. Ikiwa nyeupe ghafla, tatizo liko nje, kwa sababu maji yamejaza mikwaruzo na mwanga umepita moja kwa moja. Yakikauka, ukungu unarudi. Mafuta yanafanya kazi ile ile ya maji, ila yanachelewa kukauka. Ukimwagia maji na ukungu ukabaki vile vile, basi uko ndani, na msasa wa nje hautasaidia.

Kuna pia wanaofuta kwa petroli, thina au dawa ya kuzuia mbu. Hizi zinayeyusha au kupasua uso wa plastiki. Inang'aa wakati unalipa, halafu nyufa zinatokea baadaye. Kwenye kioo cha kweli thina isingekuwa na madhara. Ndiyo maana nasema jina linatupoteza.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Osha taa kwa maji na sabuni mpaka mchanga wote uishe. Zungushia tepu ya karatasi kwenye boneti na bampa, maana msasa haubagui. Tumia msasa wa maji, na uso uwe umelowa muda wote. Kama ngozi ya zamani inabanduka mabaka mabaka, anza na namba 600 mpaka itoke yote. Maji yanayotiririka yatakuwa na unjano mwanzoni, kisha yatakuwa meupe kama maziwa. Hapo umefika kwenye plastiki safi. Nenda namba 1000, kisha 1500, 2000, na ukiwa nayo 3000. Kila namba sugua kwa mwelekeo tofauti na ile iliyotangulia, ili uione mikwaruzo ya zamani ikiisha. Usiruke namba kwa haraka zako. Mwisho piga polishi kwa kitambaa laini au mashine, bila kukandamiza sehemu moja mpaka ipate moto.

Hapo taa itang'aa na mteja atatabasamu. Wengi ndipo wanapokunja mkeka. Kumbe ni nusu ya kazi, kwa sababu bado hujairudishia ngozi.

Ngozi mpya ina njia tatu. Ya kwanza ni nta ya gari au dawa ya kulinda plastiki. Ni rahisi, lakini inaisha haraka, kwa hiyo mwenye gari lazima arudie mara kwa mara. Ya pili ni plastiki ya kubandika, angavu, iliyotengenezwa kuzuia miale ya jua. Ikichakaa unaibandua na kuweka nyingine. Ya tatu ni klia ya magari yenye hadina, iliyo na kinga dhidi ya jua. Hii ikipigwa vizuri ndiyo inayodumu zaidi. Ukitaka klia usipige polishi: ishia msasa wa karibu namba 1000, kwa sababu klia inahitaji uso wenye ukwaruzo kidogo ili ishike. Futa kwa spiriti, acha ikauke, ndipo upulize. Tahadhari: mvuke wa klia yenye hadina unaumiza mapafu. Kipande cha kitambaa puani hakitoshi. Muachie fundi wa rangi mwenye barakoa inayofaa na mahali penye hewa.

Baada ya hapo, egesha kivulini ukiweza, osha kwa maji kabla ya kufuta, na ukiona taa imepasuka au inajaa maji ndani, nunua nyingine.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi usimuulize tu bei. Muulize: "Ukishamaliza kusugua, unapaka nini juu?" Akikujibu "hakuna, itang'aa tu," unajua unanunua wiki ngapi. Na wewe mwenzangu unayetaka kuianza kazi hii kwa karatasi nne za msasa na ndoo ya maji, karibu, soko lipo. Ila mwambie mteja ukweli kabla hajalipa, kwa sababu yule anayetegemea taa ile kuonekana barabarani usiku hakuwepo wakati mnapatana bei.