Mkono Wenye Ganzi Haujafa

Kijana wa bodaboda akianguka kwenye mteremko wa Iwambi, Mbeya, au kwenye barabara ya Mafinga, watu humkagua kichwa na miguu. Bega husahaulika. Lakini bega linapogonga lami huku kichwa kikirushwa upande wa pili, mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwa mizizi mitano, ikapita chini ya mtulinga hadi kwapani na vidoleni, huvutika. Huweza kukatika, hata kung'oka kabisa kwenye ugwe wa mgongo. Eksirei haiionyeshi. Majeruhi hufungwa bandeji, hurudi nyumbani mkono ukining'inia, na majirani huamua kwamba umekufa. Kauli hiyo inaniudhi, maana humkatisha mtu tamaa mishipa yake ikiwa bado kazini.

Mwaka 1850 Augustus Waller alieleza kwamba uzi wa mshipa uliokatwa hufa kuanzia pale ulipokatwa hadi mwisho wake. Ala yake ikibaki, chipukizi jipya hupita humo, takriban milimita 1 kwa siku. Toka shingoni hadi vidoleni ni kama sentimita 70, yaani karibu miaka miwili! Ndiyo maana miezi mingi baada ya ajali ganzi huweza kuanza kuchomachoma na kutambaa kama sisimizi. Mwaka 1915 Jules Tinel aliandika kuhusu dalili hiyo: daktari hugonga polepole kwa kidole juu ya mshipa, mgonjwa akahisi mchomo, na mahali pa mchomo pakishuka mwezi hadi mwezi, mshipa unasonga mbele.

Mizizi iliyong'oka haina njia hiyo. Hapo mkono huwa na ganzi na bado huwaka moto, kwa sababu chembe za ugwe zilizokosa taarifa hujirushia ishara zenyewe. Mgonjwa hadanganyi, wala hajarogwa. Dawa za kawaida za maumivu humsaidia kidogo. Zipo za mishipa, kama amitriptilini, na daktari ndiye wa kuziandika.

Msuli nao hausubiri. Ukikaa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu bila mshipa, hausinyai tu, bali haurudi tena. Kwa hiyo upasuaji hutafutwa ndani ya miezi sita ya kwanza. Madaktari huweza kuazima mshipa wa mbavu na kuuunganisha na mshipa wa msuli unaokunja kiwiko. Mwanzoni mgonjwa hukunja kiwiko kwa kuvuta pumzi, hadi ubongo ujifunze.

Mbeya ina hospitali ya rufaa ya kanda; taasisi ya mifupa ya MOI iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Safari hiyo hucheleweshwa na jambo dogo: anayefunga bandeji hamwambii majeruhi ainue bega, akunje kiwiko, atanue vidole. Ni kazi ya dakika moja. Tuidai kila kituo cha afya.

Nyumbani: nyosha viungo kila siku, tegemeza mkono, kagua ngozi jioni, pima joto la maji kwa mkono mzima. Baridi ya Iringa huwapeleka watu kwenye jiko la mkaa, na mkono wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Usikandwe kwa maji ya moto.

Ganzi ikihamia mkono wa pili au miguuni, miguu ikilegea, au mkojo ukikataa, nenda hospitali siku hiyohiyo.