Rwenzori: Kwa nini mbao za njia ya kinamasini huachiwa mwanya?

Msafiri anayeanza kupanda milima ya Rwenzori kutoka Nyakalengija, juu ya Bugoye katika wilaya ya Kasese, hupita kwanza kwenye mashamba ya kahawa na migomba, kisha msituni, na baada ya kibanda cha John Matte kilichopo kwenye mwinuko wa mita 3,505 hukutana na kinamasi cha Bigo. Hapo ardhi si ardhi tena. Ni mafungu ya nyasi ngumu yaliyozungukwa na tope linaloweza kummeza mtu hadi mapajani. Kwa miaka mingi wapagazi waliruka kutoka fungu moja hadi jingine wakiwa na mizigo mgongoni. Leo sehemu ya kinamasi hicho huvukwa kwa njia ya mbao zilizoinuliwa juu ya tope.

Njia hiyo humkinga mpandaji, na hukikinga pia kinamasi chenyewe, kwa kuwa nyasi zilizokanyagwa kwenye baridi ya mwinuko huo huchukua muda mrefu kuota upya. Lakini ubao uliopigiliwa vibaya ni hatari kuliko tope. Mpagazi akijikwaa kwenye kichwa cha msumari, au ubao ukikatika chini ya mguu wake, hakuna gari litakalomfikia. Wenzake watambeba kwa machela, mwendo wa siku mbili au zaidi, hadi barabarani.

Kanuni za kupigilia mbao hizo ni zile zile zinazomhusu mwenye nyumba anayetaka kujenga baraza ya mbao uani kwake, iwe Bugoye, Bwera au mjini Kasese. Zote zinatokana na jambo moja: mbao hazitulii.

Ubao hunywa maji na kuyatoa kadiri hewa inayouzunguka inavyobadilika. Kwa urefu mabadiliko ni madogo mno, hata fundi hana haja ya kuyahesabu. Kwa upana mambo ni mengine kabisa. Ubao wa mkaratusi wenye upana wa sentimita 15, uliopasuliwa ukiwa mbichi, unaweza kupungua milimita 5 au zaidi ukikauka vizuri. Ukiloweshwa tena hupanuka. Mbao 20 zilizobanana bila nafasi zikipanuka kwa pamoja husukumana kwa nguvu ambayo misumari haiwezi kuizuia: hunyanyuka katikati, huvunjika kingoni, au husukuma boriti za chini kutoka mahali pake.

Hapa jiografia ya Kasese ina neno lake. Mji wa Kasese uko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, penye joto na mvua haba ukilinganisha na milimani. Ubao uliokaa kwenye ghala la mjini humo kwa miezi kadhaa umekwisha kukauka. Ukipandishwa Bigo, ambako mvua na ukungu haviishi, utavimba. Kwa hiyo ubao wa aina hiyo huachiwa mwanya wa milimita 6 hadi 8 kati yake na jirani yake. Fundi asiye na kipimo huchukua msumari wa inchi 6, huusimamisha kati ya mbao mbili, hupigilia, kisha huuchomoa na kuendelea na ubao unaofuata.

Kinyume chake, mkaratusi uliopasuliwa wiki iliyopita huko Bugoye na kupelekwa moja kwa moja kwenye baraza ya mtu aishiye bondeni bado umejaa maji. Huo hupangwa ukiwa umekaribiana kabisa, kwa sababu utajifungulia mwanya wenyewe ukikauka. Anayeuachia milimita 8 tangu mwanzo atajikuta baada ya kiangazi na nafasi zinazonasa kisigino cha kiatu au kidole cha mtoto. Kosa hili ndilo la kawaida zaidi, na linatokana na kufuata kipimo kilichoandikwa mahali fulani bila kuuliza ubao ulitoka wapi.

Mwanya una kazi ya pili, nayo ni kupitisha maji. Maji yakituama kati ya mbao mbili, au pale ubao unapolala juu ya boriti, kuvu huanza kazi yake. Uozo huanzia hapo mara nyingi, mahali jicho lisipofika. Majani na udongo vinavyojaa mwanyani vina madhara yale yale, hivyo ni lazima vikwanguliwe mara kwa mara.

Kuhusu misumari, desturi nzuri ni miwili kwenye kila boriti, kila mmoja ukiwa sentimita 2 au zaidi kutoka ukingoni mwa ubao. Urefu wake uwe angalau mara mbili na nusu ya unene wa ubao: ubao wa inchi 1 hupigiliwa kwa msumari wa inchi 3, wa inchi 2 kwa msumari wa inchi 5. Ikiingizwa kwa mshazari, ncha zikielekeana, hushika zaidi kuliko ikisimama wima. Mkaratusi hupasuka upesi, hasa karibu na mwisho wa ubao, kwa hiyo inafaa kutoboa kwanza kwa keekee tundu jembamba kuliko msumari. Mafundi wengine huifanya butu ncha ya msumari kwa nyundo, nao wana sababu: ncha butu hukata nyuzi za mbao badala ya kuzitenganisha.

Hata hivyo msumari laini hupanda taratibu kila ubao unapovimba na kunywea. Skrubu hushika vizuri zaidi, na hurahisisha kubadilisha ubao mmoja bila kuharibu mingine, ila ni ghali. Kwenye mahali pa unyevu, vyote viwe vimepakwa zinki, au viwe vya chuma cha pua. Hilo ni muhimu zaidi pale mbao zilipotiwa dawa yenye shaba ya kuzuia kuvu na mchwa, kwani dawa hiyo hula chuma cha kawaida.

Umbali kati ya boriti hutegemea unene wa ubao. Kwa ubao wa inchi 1, sentimita 40 zinatosha. Kwa inchi 2, sentimita 60. Kwenye njia ya wapagazi ni busara kupunguza, maana uzito unaopita si wa mtu peke yake.

Mbao ngumu kama mvule na mkangazi hudumu zaidi, na nyingine huingia kutoka Kongo kupitia mpaka wa Mpondwe, karibu na Bwera. Bei yake huwafanya wengi warudi kwenye mkaratusi. Kwa hao, ubao mkavu utakaowekwa mahali penye maji ulazwe upande wa gome ukitazama juu. Ukivimba utabinuka kidogo katikati kama mgongo wa samaki, na mvua itateremka pande zote mbili.